Ameanguka, akainuka, anaongea vizuri: kwa nini bado anaweza kuzidiwa, na nani apigwe CT?

Mkufunzi wa Zamu

Wakuu, salaam. Naandaa somo la huduma ya kwanza kwa watu wasio na taaluma ya afya na nimekwama kwenye majeraha ya kichwa. Kila ninayemuuliza ana lake. Huyu anasema mtu akiinuka na kuongea vizuri basi imepita. Yule anasema hao hao walioinuka ndio wanaokutwa wamekufa asubuhi. Wengine wanashikilia kwamba majeruhi asilale hata kidogo mpaka kesho yake.

Naomba mnifafanulie haya. Kwanza, kitu gani hasa kinatokea ndani ya kichwa cha mtu aliyezirai dakika moja, akaamka mzima, kisha baada ya saa kadhaa akazidiwa? Pili, hilo la kulala lina ukweli? Tatu, kwa nini mmoja anapelekwa kwenye CT (picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa) mara moja na mwingine anaambiwa haihitajiki, na je, eksirei ya kichwa haitoshi? Mwisho, matibabu yenyewe ni nini, maana mmoja anatobolewa fuvu na mwingine anapewa parasetamoli na kurudishwa nyumbani.

Msinirahisishie sana. Nikielewa sababu nitajua namna ya kuwaeleza wengine.

---

Tabibu Dharura

Mkuu, shika jambo moja kwanza. Jeraha la kichwa lina awamu mbili. Awamu ya kwanza ni pigo lenyewe: fuvu linapasuka, ubongo unachubuka, nyuzi za neva zinavutika na nyingine kukatika. Hiyo imeshatokea kabla hujamfikia mtu, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Awamu ya pili inakuja dakika, saa au siku baadaye: damu inajikusanya, ubongo unavimba, oksijeni inapungua, presha ya damu inaporomoka. Hii ya pili ndiyo inayomwangusha yule aliyekwisha kuinuka, na ndiyo tunayoweza kuizuia. Tochi ya machoni, CT, kisu cha upasuaji, vyote vinaiwinda hiyo.

Sasa swali lako la kwanza. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake karibu asilimia 80 ni ubongo, na zinazobaki wanagawana damu na maji ya ubongo, takribani 10 kwa 10. Damu ikianza kuvia humo, mwili unatafuta nafasi: unasukuma maji ya ubongo kushuka kwenye uti wa mgongo, na damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) kutoka nje ya fuvu. Kwa muda huo presha ya ndani haipandi sana na mtu anaongea, anacheka, anadai yuko sawa. Nafasi ikishakwisha, mililita chache tu za ziada zinapandisha presha kwa ghafla. Ndiyo maana kuzidiwa huonekana kama kumekuja bila taarifa, wakati damu ilikuwa inavuja tangu mwanzo.

Mfano maarufu ni mpasuko wa pembeni ya kichwa, juu na mbele kidogo ya sikio. Hapo mfupa ni mwembamba na ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) imepita kwenye mfereji upande wake wa ndani. Mfupa ukipasuka, ateri inachanika, na damu yenye msukumo inaubandua ule utando mgumu unaofunika ubongo kutoka kwenye fuvu. Mtikisiko wa ubongo ndio uliomzimisha mwanzoni. Ukapita, akaamka. Ateri haijaacha kuvuja. Baadaye kichwa kinauma kwa kuzidi, anatapika, anasinzia, mboni ya jicho la upande ule ule inapanuka na kuacha kuitikia mwanga, mkono na mguu wa upande wa pili vinalegea. Usifundishe watu kusubiri picha hiyo ikamilike, kwa sababu wengi wenye aina hii ya damu hawapitii hicho kipindi cha kuonekana wazima.

Kuna damu nyingine ya taratibu, ya vena, inayokaa chini ya utando huo. Wazee wako hatarini zaidi kwa sababu ubongo husinyaa na umri na vena zinazouunganisha na utando zinabaki zimevutika kama kamba. Kujigonga kidogo tu kwenye kizingiti cha mlango kunatosha kuchana moja. Wiki tatu baadaye familia inasema babu amekuwa msahaulifu, anaburuta mguu, na watu wanadhani ni kiharusi au uzee. Watumiaji wa dawa za kuzuia damu kuganda na wanywaji wakubwa wa pombe wako kundi hilo hilo.

Kwa somo lako weka mkazo kwenye njia ya hewa, kwa sababu hapo ndipo watu wa kawaida wanaokoa au wanapoteza mtu. Asiyejitambua akilala chali, ulimi unaanguka nyuma na matapishi yanaingia mapafuni. Ubongo uliojeruhiwa hauvumilii kukosa oksijeni hata kwa dakika chache. Sukuma taya la chini kuelekea mbele kwa vidole viwili kila upande, bila kupindua kichwa nyuma. Akianza kutapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja: mmoja ashike kichwa na ndiye atoe amri, watatu washike mwili. Ukiwa peke yako mgeuze hivyo hivyo kwa uangalifu. Ni kweli kila mwenye jeraha kubwa la kichwa achukuliwe kama mwenye shingo iliyovunjika mpaka ithibitishwe vinginevyo, lakini hofu ya shingo isimwache mtu apaliwe na matapishi yake.

Kidonda cha ngozi ya kichwa kinatoa damu nyingi kuliko ukubwa wake, kwa kuwa mishipa ya hapo imeshikiliwa na nyama ngumu na haijifungi vizuri. Bana kwa shashi au kitambaa safi dakika 10 kamili bila kuchungulia. Ukihisi mfupa unacheza au umebonyea chini ya kidole, acha kubana hapo. Funika, kisha bana kingo zake. Kitu kilichochoma na kubaki ndani kisichomolewe. Damu au maji yakitoka sikioni au puani yaache yatoke, usizibe kwa pamba. Na asipewe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji nusukaputi ndani ya saa moja.

---

Kichwa Ngumu

Tabibu kamaliza njia ya hewa. Mimi naingia kwenye uangalizi, na hapo hapo nitajibu la kulala.

Usingizi haumdhuru mwenye jeraha la kichwa. Ubongo uliotikisika unauhitaji. Hofu ilitokana na kwamba mtu aliyelala na mtu anayezama kwenye kukosa fahamu wanafanana ukiwatazama kutoka mlangoni. Basi suala ni kama anaamshika. Mwamshe, akuambie jina lake na mahali alipo, asogeze mikono yote miwili, kisha alale. Akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida yake, au akifungua macho na kushindwa kutoa jibu la maana, hilo ni la kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Hospitalini tunapima kiwango cha fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Kina sehemu tatu. Macho yana alama 4: yanafunguka yenyewe 4, kwa kuitwa 3, kwa kubanwa 2, hayafunguki 1. Maneno yana alama 5: anajibu sawasawa 5, amechanganyikiwa 4, maneno yasiyohusiana 3, miguno 2, kimya 1. Misuli ina alama 6: anafuata amri 6, mkono unakwenda kuondoa maumivu yalipo 5, anavuta kiungo kukwepa 4, anakunja mkono kwa namna isiyo ya kawaida 3, ananyoosha 2, hakuna kitu 1. Jumla ya juu ni 15, ya chini ni 3. Hakuna sifuri, hata kwa maiti, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeiandika. Alama 13 hadi 15 tunaita jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka ni kubwa, na hapo mtu kwa kawaida hawezi tena kulinda njia yake ya hewa.

Makosa yanayojirudia ni haya. Watu wanaandika jumla peke yake. "Kumi" inaweza kuwa mtu anayefuata amri ila hasemi, au mtu anayekwepa maumivu huku akipayuka, na hao si sawa. Andika kila sehemu kivyake, macho, maneno, misuli, na ya misuli ndiyo yenye uzito zaidi. Pili, mikono ikitofautiana, andika alama ya mkono uliofanya vizuri zaidi, ila tofauti yenyewe iandikwe pembeni kwa sababu inaonyesha upande ulioumia. Tatu, macho yaliyovimba yakafumba si alama 1, andika kwamba hayapimiki. Vivyo hivyo kwa maneno ya mtu mwenye mpira wa kupumulia kooni. Nne, maumivu yatolewe kwa kubonyeza ukucha, msuli wa bega karibu na shingo, au ukingo wa mfupa juu ya jicho. Kusugua kifua kwa ngumi kunaacha michubuko na kunatoa majibu yenye utata.

Ratiba ya kawaida ni kila nusu saa mpaka afike 15. Akishafika, kila nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa kwa saa 4, halafu kila saa 2. Akishuka, unaanza upya kwenye nusu saa. Alama moja iliyoshuka na kukaa chini kwa nusu saa inatosha kumwamsha daktari. Usingoje zishuke tatu.

Pamoja na hiyo unapima mboni, mapigo, presha, pumzi, oksijeni na sukari. Sukari! Mtu aliyeishiwa sukari huanguka, akagonga kichwa, akakutwa hajitambui, na kila mtu akashughulika na kidonda. Kidole kimoja na tone moja la damu vinamaliza ubishi. Pombe nayo ina mtego wake: mlevi anayenuka pombe na alama 13 ni mwenye jeraha la kichwa mpaka uthibitishe siyo. "Amelewa, atazindukana" ni sentensi iliyopoteza watu.

Ukiona presha ya damu inapanda, mapigo yanapungua na pumzi zinapoteza mpangilio, shina la ubongo, sehemu ya chini inayoendesha pumzi na mapigo, linabanwa. Ni dalili za mwisho. Anayezitumia kama onyo la kwanza kachelewa.

---

Mpiga Picha

Nichukue la CT na eksirei.

Eksirei inaonyesha mfupa. Ubongo hauonekani, damu haionekani. Fuvu linaweza kupasuka bila damu ndani, na damu inaweza kujaa ndani bila ufa wowote. Kwa hiyo eksirei safi haimruhusu mtu kwenda nyumbani na eksirei yenye ufa haikuambii cha kufanya zaidi ya kumpeleka CT. Ndiyo maana imeachwa kwa kazi hii mahali ambapo CT ipo.

CT ya kichwa kwa jeraha hupigwa bila dawa ya kuchomwa mshipani. Picha zenyewe ni suala la dakika chache. Damu mbichi huonekana nyeupe. Ile ya ateri, kati ya fuvu na utando, ina umbo la lenzi, imetuna kuelekea ndani, kwa sababu utando umeshikwa kwenye maungio ya mifupa na hauruhusu damu isambae. Ile ya chini ya utando inasambaa kufuata mkunjo wa ubongo, umbo la mwezi mchanga. Pia tunaangalia kama mstari wa katikati ya ubongo umesukumwa, kwa milimita ngapi, na kama nafasi za maji zilizozunguka shina la ubongo bado ziko wazi.

Nani apigwe? Kwa watu wazima wenye alama 13 hadi 15 waliozirai, waliopoteza kumbukumbu ya tukio au waliochanganyikiwa, kuna kanuni ya Kanada ya mwaka 2001 inayotumika sana. Hatari kubwa ni: hajafika 15 saa 2 baada ya kuumia, kuna shaka ya fuvu lililobonyea au kufunguka, kuna dalili ya kupasuka sakafu ya fuvu, ametapika mara 2 au zaidi, au ana miaka 65 na kuendelea. Hatari ya kati ni kusahau kipindi cha nusu saa au zaidi kabla ya pigo, au tukio lenyewe kuwa zito: mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari, aliyerushwa nje ya gari, aliyeanguka kutoka karibu mita 1 au ngazi 5.

Watu husahau kusoma mpaka wa kanuni yenyewe. Haikutungwa kwa mtu aliyepata degedege baada ya kuumia, wala mwenye udhaifu wa upande mmoja, wala anayetumia warfarini na jamaa zake. Hao wana njia yao: degedege na udhaifu ni CT moja kwa moja, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapigwa kwa urahisi zaidi hata akionekana mzima. Alama 12 kushuka hakuna mjadala, picha ndani ya saa moja.

Dalili za sakafu ya fuvu mzifundishe kwa macho: weusi unaozunguka macho yote mawili bila macho yenyewe kupigwa, mchubuko nyuma ya sikio, damu nyuma ya ngoma ya sikio, maji yasiyo na rangi yanayotiririka puani au sikioni. Ule mchubuko wa nyuma ya sikio huchukua saa kadhaa, mara nyingine siku moja au mbili kutokea, hivyo kutouona mapema hakumaanishi kitu. Mtu mwenye dalili hizi asipitishiwe mpira wowote puani, unaweza kuishia ndani ya fuvu. Na asipenge kamasi.

Kwa nini tusiwapige wote? Mionzi, hasa kwa watoto, na kwa sababu wengi wa wenye jeraha dogo hawana kitu cha kuonekana.

Hapo kuna mtego wa mwisho. CT safi haisemi ubongo haujaumia. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye CT. Kukatika kwa nyuzi za neva ubongoni kote, kule kunakotokana na mwendo kasi unaosimama ghafla, kunaweza kumwacha mtu kwenye kukosa fahamu huku picha ikionekana karibu ya kawaida. MRI, picha inayotumia sumaku, ndiyo inayovionyesha vidoti vya damu. Halafu damu ya vena yenye umri wa wiki moja hadi tatu huwa na rangi sawa na ubongo, msomaji mwenye haraka anaipita. Atafute mikunjo ya ubongo iliyosukumwa mbali na mfupa. Na picha iliyopigwa nusu saa baada ya ajali ni picha ya nusu saa hiyo tu. Mgonjwa akibadilika, rudia.

---

Kisu Kikali

Picha zikishakuja kwangu, swali la kwanza ni kama kuna kitu cha kuondoa. Mara nyingi hakuna. Upasuaji unaondoa damu na kutoa nafasi, hauponyi ubongo, na majeruhi wengi wa kichwa hawafiki mezani kabisa.

Damu ya ateri yenye ujazo wa zaidi ya mililita 30 inaondolewa hata kama mgonjwa anaongea. Ya chini ya utando inaondolewa ikizidi unene wa milimita 10, au ikisukuma mstari wa katikati zaidi ya milimita 5. Kwa damu mbichi tunafungua dirisha la mfupa, kwa kuwa imeganda kama ini na haitoki kwenye tundu dogo. Ile ya zamani, ya yule babu aliyetajwa juu, imeyeyuka na kuwa kama mafuta ya injini yaliyotumika. Hiyo matundu mawili yanatosha: inasafishwa kwa maji ya chumvi na kuachiwa mrija kwa siku moja au mbili, kwa sababu bila mrija hurudi mara nyingi zaidi. Ubongo uliovimba sana wakati mwingine tunauachia bila mfupa juu yake, mfupa ukahifadhiwa au ukazikwa chini ya ngozi ya tumbo, na kurudishwa miezi kadhaa baadaye.

Mfupa uliobonyea kwa kina kuliko unene wa fuvu, hasa kidonda kikiwa wazi, unainuliwa na kusafishwa. Dawa za kuua vijidudu na chanjo ya pepopunda visisahaulike.

Wale wasiofunguliwa ndio wenye kazi kubwa zaidi, na kazi hiyo ni hesabu. Presha inayosukuma damu kwenye ubongo ni presha ya wastani ya mwili ukitoa presha ya ndani ya fuvu. Tunataka tofauti hiyo ibaki kati ya milimita 60 na 70 za zebaki. Presha ya ndani ya fuvu kwa mtu mzima aliyelala ni kama 5 hadi 15, na tunaanza kuishusha ikizidi 22. Sasa fikiria mwenye 25 ndani ya fuvu na presha ya wastani ya mwili 65. Ubongo wake unapata 40. Anakufa njaa huku moyo unapiga. Presha ya damu, ile namba ya juu kwenye kipimo, isiachwe chini ya 110 kwa vijana na kwa waliozidi miaka 70, au chini ya 100 kwa wa miaka 50 hadi 69, na oksijeni isishuke chini ya asilimia 90 hata mara moja. Presha ya damu ikiwa chini, usikilaumu kichwa kwa haraka: tafuta damu tumboni, kifuani, kwenye nyonga.

Hatua za mwanzo hazihitaji mashine. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo inyooke, kola ya kushikilia shingo isibane vena zake (kola iliyokazwa mno inapandisha presha ya fuvu, na kuilegeza ni sekunde mbili). Tuliza maumivu na homa. Maji ya mshipani yawe ya chumvi ya asilimia 0.9. Dripu ya sukari ya asilimia 5 ni kosa: sukari ikishatumika yanabaki maji matupu yanayoingia kwenye ubongo na kuuvimbisha. Presha ya fuvu ikipanda kuna manitoli, dawa ya mshipani inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili, au maji ya chumvi kali. Manitoli inakojoza sana, kwa hiyo mwenye presha ya chini umpe ya chumvi. Kumpumulisha haraka kwa mashine hushusha presha ya fuvu kwa kubana mishipa ya ubongo, maana yake pia unapunguza damu inayofika. Ni ujanja wa dakika chache njiani kwenda mezani, haufai kuwa matibabu ya usiku kucha.

Na steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe, jamani, ziacheni. Jaribio la CRASH la mwaka 2004, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, lilionyesha waliopewa walikufa zaidi. Dawa ya kuzuia damu isivuje, asidi ya traneksamiki, ina nafasi ikitolewa ndani ya saa 3 za kuumia: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Jaribio la CRASH-3 la mwaka 2019 lilionyesha faida kwa wenye jeraha dogo na la kati. Kwa waliokwisha kuzama kwenye kukosa fahamu haikuonekana. Dawa za degedege tunazitoa siku 7 kwa wenye jeraha kubwa. Zinapunguza degedege za wiki ya kwanza na hazizuii kifafa cha baadaye, kwa hiyo kumwachia mtu kwa miezi "kwa tahadhari" ni kumlewesha bure.

---

Mkufunzi wa Zamu

Asanteni sana wakuu, hii ya presha ukitoa presha imenifungua. Limebaki moja. Watoto, na huyu anayerudishwa nyumbani na parasetamoli. Familia iangalie nini, kwa siku ngapi, na lini arudi shule na michezoni?

---

Utosi

Nianze na watoto. Kwa walio chini ya miaka 2 usitegemee maelezo ya kuzirai au maumivu, hawawezi kukwambia. Papasa kichwa kizima. Uvimbe laini usio kwenye paji la uso, yaani wa pembeni, juu au kisogoni, unabeba uzito kuliko nundu la mbele ambalo kila mtoto anayejifunza kutembea analo. Gusa utosi: ukituna mtoto akiwa ametulia na ameketi, hilo ni la dharura. Uliza anayemlea kama mtoto yuko kama kawaida yake. Jibu hilo limo rasmi kwenye kanuni ya PECARN ya mwaka 2009, ya kuamua mtoto yupi apigwe CT, iliyojengwa juu ya watoto zaidi ya 42,000, kwa hiyo usilidharau kwa kuona mama ana wasiwasi. Kanuni hiyo inahesabu mwanguko kuwa mzito ukizidi mita 0.9 kwa walio chini ya miaka 2, na mita 1.5 kwa wakubwa wao. Wengi wa walio katikati, wasio na dalili kali, wanaangaliwa saa kadhaa badala ya kupigwa picha.

Mtoto mchanga anaweza kupoteza damu ya kutosha kumwingiza kwenye mshtuko wa kuishiwa damu, ndani ya uvimbe wa ngozi ya kichwa pekee. Akiwa mweupe na mapigo yanakimbia, hilo nalo lihesabiwe. Na maelezo yasipolingana na jeraha, mtoto asiyeweza bado kujigeuza akisemwa kaanguka mwenyewe kitandani, liulizwe kwa utulivu na lifuatiliwe kama suala la usalama wa mtoto.

Anayerudi nyumbani asikae peke yake saa 24 za mwanzo. Arudishwe hospitali bila kujadiliana kwa haya: maumivu ya kichwa yanayozidi licha ya dawa, kutapika tena na tena, kusinzia kusikoamshika, degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu au ganzi ya upande mmoja, kuona viwili, maji kutoka puani au sikioni. Mtoto mdogo ongeza kulia kusikotulizika na kukataa kunyonya. Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Kwa mtoto miligramu 15 kwa kilo, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe siku za mwanzo, kwa sababu zinapunguza uwezo wa damu kuganda. Pombe hapana. Dawa za usingizi hapana, zitaficha kile unachokitafuta.

Kumfungia mtu kwenye chumba chenye giza wiki nzima kulishapitwa na wakati, kunachelewesha nafuu. Apumzike saa 24 hadi 48, simu na skrini apunguze, lakini atembee nyumbani. Kisha aongeze shughuli kidogo kidogo. Kichwa kikiuma kidogo zaidi na kutulia, sawa. Kikizidi sana, arudi hatua moja. Watu wazima wengi wanatulia ndani ya wiki mbili, watoto inaweza kufika wiki nne. Shule itangulie michezo, hata kwa nusu siku na mapumziko.

Michezo ina hatua sita, kila moja angalau saa 24: shughuli za kawaida, mazoezi mepesi ya kukimbiza moyo, mazoezi ya mchezo wake bila hatari ya kugongana, mazoezi magumu zaidi, mazoezi kamili ya kugongana kwa kibali cha daktari, mwisho mechi. Kuanzia ya nne asiwe na dalili yoyote. Siku ya kuumia harudi uwanjani, hata akiapa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuuvimbisha ghafla, na vijana ndio waliotajwa zaidi kwa hilo.

---

Tabibu Dharura

Nyongeza kwa Kichwa Ngumu kuhusu kuamsha. Aliyepigwa CT ikawa safi na yuko 15 hahitaji kuamshwa kila baada ya saa mbili, utamchosha na kesho hutajua kama usingizi wake ni wa jeraha au wa kukesha. Kuamsha ni kwa yule ambaye hakupata picha, na mara mbili au tatu usiku wa kwanza zinatosha.

---

Kichwa Ngumu

Nakubali, nilikuwa nawazia wodini. Ila mkufunzi, waambie wanafunzi wako waandike muda. Saa aliyoanguka, saa aliyoamka, saa aliyotapika, kila kitu na saa yake, hata kwa kalamu mkononi. Tukiulizwa "alikuwaje saa mbili baada ya kuumia" na hakuna anayejua aliumia saa ngapi, kanuni zote za juu hapo hazina pa kuanzia. Na majina ya dawa anazotumia, au kopo lenyewe, lisafiri naye.